Haki ya Kushtakiwa: Mali Kauli, Mwenye Duka na Sheria ya Mkopo Afrika Mashariki

Lipo neno la biashara ambalo halionekani katika vitabu vya sheria, ingawa maduka mengi ya Afrika Mashariki yamesimama juu yake. Neno lenyewe ni mali kauli. Mwenye duka huchukua mzigo kwa muuzaji wa jumla bila kulipa, huuza, kisha hurudi na fedha. Kinachofunga mapatano hayo ni kauli tu. Kariakoo jijini Dar es Salaam mizigo hutoka ghalani kwa namna hiyo kila siku, na katika vichochoro vya Kikuubo hapa kwetu Kampala desturi ni hiyo hiyo, hata kama wachuuzi wanaiita kwa majina mengine.

Kauli ikivunjwa, hutokea nini? Mgavi akileta unga uliooza, au mwenye duka akila fedha za mzigo, aliyedhulumiwa ana njia gani? Wanasheria huita njia hizo nafuu: yale ambayo mahakama inaweza kumpa mtu baada ya kuthibitisha kwamba mwenzake amevunja mkataba. Katika masomo ya uraia tumezoea kuieleza mahakama kuwa mahali ambapo mnyonge hukimbilia. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mfanyabiashara mdogo huhitaji haki ya kushtaki, na huhitaji vilevile haki ya kushtakiwa. Asiyeweza kudaiwa mahakamani hakuna anayethubutu kumkopesha. Kwa miongo kadhaa sheria za Kenya na Tanganyika zilimwondolea Mwafrika haki hiyo ya pili, tena kwa jina la kumlinda. Historia hiyo haifundishwi sana, nami naona inastahili kufundishwa.

Tuanzie Unguja ya karne ya 19. Matajiri wa Kihindi, wengi wao wakiwa na asili ya Kachi na Gujarati, waliwakopesha viongozi wa misafara merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alipata mtaji wa safari zake kwa tajiri Taria Topan. Bidhaa zilipita Tabora na Ujiji, zikavuka ziwa hadi Manyema, na pembe za ndovu zikarudi pwani baada ya miezi mingi, pengine miaka. Hesabu hizo za faida zilibebwa na watu walioporwa na kutumikishwa, na hakuna haja ya kuzipamba.

Tajiri aliyebaki pwani alikuwa na nafuu gani mdeni wake akitokomea bara? Kadhi alikuwapo, na balozi wa Uingereza alikuwa na mahakama iliyosikiliza mashauri ya raia na watu waliokuwa chini ya ulinzi wa nchi yake, wakiwamo wengi wa matajiri hao wa Kihindi. Lakini mkono wa mahakama hizo haukuvuka vilima vya Usagara. Silaha ya kweli ya tajiri ilikuwa kumnyima mdeni safari ijayo. Mtu aliyekula mzigo wa merikani hakupata mwingine, na habari zake zilimfikia kila mwenye ghala kabla yeye mwenyewe hajarudi.

Shauri moja la wakati huo linaonyesha vizuri mipaka ya nafuu. Mwezi Februari 1887 Henry Morton Stanley aliingia mkataba na Tippu Tip mjini Unguja, na sehemu yake ilihusu kupatikana kwa wapagazi wa msafara wake wa kumtafuta Emin Pasha. Wapagazi hawakufika kama Stanley alivyotarajia, na kikosi alichokiacha nyuma kiliangamia kwa maradhi na njaa. Aliporudi pwani mwishoni mwa 1889 alifungua shauri katika mahakama ya ubalozi. Mdaiwa alikuwa mbali, ndani ya Kongo, mahali ambapo hakuna tarishi wa mahakama angeweza kumfikia. Basi Stanley aliomba zizuiwe fedha za Tippu Tip zilizokuwa mikononi mwa wakala wake pale Unguja. Shauri halikufika kwenye hukumu. Hata hivyo mbinu ile inajulikana mpaka leo kwa kila wakili wa madai: ukishindwa kumpata mtu, itafute mali yake iliyo karibu.

Wakoloni walipoweka mahakama zao bara, sheria ya biashara waliyoileta kwanza haikutoka London moja kwa moja. Ilipitia India. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 ilitumika katika eneo lililokuja kuitwa Kenya, Uganda, Unguja, na Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wafanyabiashara wengi walikuwa Wahindi na maofisa wengi walikuwa wamezoea sheria za huko, kwa hiyo hilo halikuwa la ajabu. Kifungu chake cha 73 kinasema kwamba aliyeumizwa na uvunjaji wa mkataba anastahili fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa mwendo wa kawaida wa mambo, au hasara ambayo pande zote mbili ziliijua tangu mwanzo. Hasara ya mbali haifidiwi. Tanzania ilipotunga sheria yake ya mikataba, kanuni hiyo ilibaki, na hata namba ya kifungu haikubadilika.

Kisha ikaja sheria ya mauzo ya bidhaa. Waingereza walikuwa wamekusanya kanuni za mauzo katika sheria moja mwaka 1893, na makoloni yakainakili: Kenya na Tanganyika mwaka 1931, Uganda mwaka 1932. Inafaa tusimame hapa kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyoweka nafuu ambazo wenye maduka na wagavi wa nchi hizi wamezitumia kwa muda mrefu kuliko nyingine zote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye duka wa Kisumu ameagiza magunia 100 ya sukari kwa muuzaji wa jumla wa Mombasa, na mzigo utasafiri kwa reli. Ikiwa sukari haikuletwa kabisa, mnunuzi anaweza kudai fidia, na kwa kawaida kipimo chake ni tofauti kati ya bei waliyopatana na bei ya sokoni siku ile mzigo ulipopaswa kufika. Ikiwa imeletwa lakini hailingani na maelezo au na sampuli aliyoonyeshwa, anaweza kuikataa. Ikiwa ameipokea na kuigawa, nafasi ya kuikataa imepita, ila bado anaweza kudai kupunguziwa bei au kulipwa fidia. Ndiyo maana wachuuzi wazee husisitiza gunia lifunguliwe mbele ya dereva. Wanaweza wasijue jina la sheria, lakini wanaijua hatari ya kupokea kimya kimya.

Kwa upande wa mgavi, sheria ilikuwa karimu zaidi. Anaweza kushtaki ili alipwe bei. Asipolipwa, na mzigo ungali mikononi mwake, anaweza kuuzuia hata kama umekwisha kuwa mali ya mnunuzi. Akipata habari kwamba mnunuzi amefilisika wakati sukari iko njiani, anaweza kupeleka amri kwa wenye reli mzigo usimamishwe na urudishwe. Na katika hali fulani, baada ya kumpa mnunuzi taarifa na muda wa kutosha, anaweza kuuza mzigo kwa mtu mwingine na kudai pengo la bei. Kwa nafuu hizo mgavi wa Mombasa angeweza kumkopesha mtu aliye umbali wa siku mbili kwa garimoshi, akalala usingizi.

Sasa msomaji atazame kiasi kimoja cha fedha. Sheria ya Kenya ya 1931 ilisema kwamba mauzo ya bidhaa za thamani ya shilingi 200 au zaidi hayatatekelezwa mahakamani isipokuwa mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa sehemu ya malipo, au kuna maandishi yenye sahihi. Ni sharti jepesi. Kipande cha karatasi kinatosha, na wakati mwingine hata hicho hakihitajiki.

Mwafrika aliwekewa sharti jingine. Kenya ilikuwa na sheria za kubana mikopo kwa wale iliowaita wenyeji, nazo ziliimarishwa mwaka 1948. Kiwango chake kilikuwa pauni 10, yaani zile zile shilingi 200. Zaidi ya hapo, asiye Mwafrika hakuweza kumkopesha Mwafrika na kutegemea mahakama imsaidie kudai, mpaka mkopo uwe umeidhinishwa kwa maandishi na ofisa wa serikali. Tanganyika ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1923, ikatunga nyingine yenye vizuizi zaidi mwaka 1931. Mwaka huo huo mmoja, Tanganyika ilipokea sheria ya mauzo yenye nafuu zote nilizozitaja, na ikapitisha sheria ya kumzuia Mwafrika asikopeshwe. Ya kwanza ilifungua mlango wa duka. Ya pili ilisimama mlangoni na kuuliza rangi ya mteja.

Haifai kuwahukumu waliotunga sheria hizo bila kusikiliza hoja yao. Walisema kwamba mkulima asiyejua kusoma angeingizwa katika madeni na wenye maduka, na mwishowe angepoteza mavuno, mifugo na shamba lake. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Yeyote aliyesoma habari za vijiji vya India chini ya wakopeshaji ataelewa walichokiogopa, na kwetu pia wapo watu waliouza pamba yao mara mbili kwa deni moja. Lakini sheria haikumtenganisha mkulima aliyekopa kanga na kiberiti na mchuuzi aliyetaka bidhaa za kuuza. Wote walikuwa wenyeji, na wote walitendewa kama watoto walio chini ya mlezi. Tena si watawala wote walioona haya kwamba utaratibu huo ulimweka Mwafrika shambani na kwenye kazi ya ujira, huku biashara ya jumla ikibaki mikononi mwa wengine.

Tutazame jinsi mambo yalivyokwenda dukani. Askari aliyerudi kutoka Burma mwaka 1945 au 1946 alikuwa na kiinua mgongo chake. Wengi walifungua vibanda katika masoko ya vijijini. Fedha ile ilinunua rafu moja ya bidhaa: sabuni, chumvi, sigara, mafuta ya taa, sukari kidogo. Ilipokwisha kuuzwa, faida yake haikutosha kununua rafu mbili. Jirani yake Mhindi, ambaye pengine hakuwa na fedha taslimu zaidi yake, alikuwa na kitu kimoja alichokikosa askari: hesabu ya wazi kwa muuzaji wa jumla mjini, anayelipwa baada ya siku 30, 60 au 90. Alipouza rafu ya kwanza, ya pili ilikuwa imekwisha kufika. Kwa hiyo akanunua kwa wingi na kwa bei nafuu, na askari yule akajikuta ananunua kwa jirani huyo huyo, kwa rejareja, bidhaa atakazozipeleka kijijini kuziuza tena kwa senti chache za faida. Vibanda vingi vilifungwa. Maofisa wakaandika kwamba Mwafrika hana kipaji cha biashara.

Kwangu mimi hapo ndipo dhuluma ilipo kubwa kuliko pote: kumfunga mtu mguu, kisha kuandika ripoti kuhusu mwendo wake.

Njia ya kuomba idhini ilikuwapo, bila shaka. Mchuuzi angeweza kwenda kwa ofisa wa wilaya pamoja na mgavi wake, wakaeleza kiasi na masharti, wakasubiri. Lakini biashara ya rejareja haiendi kwa mwendo wa boma. Sukari huadimika wiki hii na hujaa wiki ijayo, na mgavi mwenye wateja wengine kumi wasiohitaji barua hana sababu ya kumsubiri anayeihitaji. Wapo wagavi waliokopesha bila idhini, wakitegemea urafiki na sifa ya mtu. Hao walijua kwamba deni likikataliwa hawana pa kwenda. Anayekopesha katika hali hiyo huongeza bei ili kufidia hatari, au huomba rehani ya kitu kinachoshikika. Na Mwafrika hakuwa na hati ya shamba ya kuweka rehani, kwa kuwa ardhi ya akiba na ya kimila haikuwa na hati. Mlango ulifungwa kwa komeo mbili.

Nafuu ya mahakama ikiondolewa, mgogoro haufi. Huhamia uwanja mwingine, na uwanja huo mara nyingi ni susio. Unguja iliona hilo mapema. Mwaka 1934 serikali ilipitisha amri za kuwalinda wenye mashamba ya karafuu waliolemewa na madeni: Waarabu na Waafrika wakazuiwa kuhamisha ardhi kwa watu wa jamii nyingine bila kibali, na wadai wakasimamishwa kwa muda wasiuze mashamba ya wadeni wao. Kwa wakulima ilikuwa faraja. Lakini mkopeshaji asiyeweza kushika rehani yake hukunja mkeka, na wenye mashamba walihitaji fedha kila msimu ili kuwalipa wachumaji. Mwaka 1937 serikali ilikwenda mbali zaidi, ikaipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu mamlaka makubwa juu ya ununuzi na usafirishaji wa zao hilo. Wafanyabiashara wa Kihindi hawakuwa na mkataba wa kuulalamikia mahakamani, kwa sababu waliloondolewa lilikuwa soko lenyewe. Wakasusa. Chama cha Congress nchini India kikawaunga mkono, na karafuu za Unguja zikakosa mnunuzi katika mojawapo ya masoko yake makuu. Mwaka 1938 serikali ikakubali mapatano yaliyowarudisha wafanyabiashara hao katika biashara ya kusafirisha karafuu, kwa sharti la kununua sehemu ya mzigo wao kwa Jumuiya.

Kwetu Uganda, uwanja ulikuwa wa pamba. Mkulima alikuwa mgavi, mwenye kinu cha kuchambua pamba alikuwa mnunuzi, na kati yao hapakuwa na mapatano ya bei ya kusimamia: serikali iliipanga bei na kuyagawa maeneo ya vinu. Mkulima aliyepunjwa kwenye mizani angeweza kulalamika, ila hakuweza kusema kwamba mkataba wake umevunjwa, maana mkataba wenyewe hakuujadili. Machafuko ya 1945 na yale ya Aprili 1949 yalikuwa na sababu nyingi za kisiasa, lakini madai ya 1949 yanasomeka kama hati ya mgavi aliyechoka: tuchambue pamba yetu wenyewe, na tuiuze nje wenyewe. Mwaka 1952 sheria iliyowezesha vyama vya ushirika kupata vinu ilikuwa, kwa namna fulani, nafuu iliyochelewa. Miaka saba baadaye, mwaka 1959, vuguvugu lililoongozwa na Augustine Kamya liliwataka watu wa Buganda wasinunue katika maduka ya wasio Waafrika. Serikali ililipiga marufuku. Hata hivyo wenye maduka wengi wa Kihindi waliacha vituo vya biashara vya vijijini wakahamia mijini. Susio lile lilichanganya hasira ya haki na vitisho kwa watu wasio na hatia, na si vyema kulisimulia kwa upande mmoja tu.

Hata kabla ya hapo Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, iliyofanya kazi kati ya 1953 na 1955, ilikuwa imevitilia shaka vizuizi vya aina hii na kutaka vilegezwe, kwa hoja kwamba Waafrika hawawezi kuingia katika uchumi wa fedha huku wakizuiwa kuutumia mkopo. Uhuru ulipofika, ubaguzi huo wa wazi haukuwa na mahali pa kukaa katika vitabu vya sheria. Ila pengo la mtaji halikufutwa kwa kufuta kifungu. Ukoo wenye vizazi vitatu vya hesabu iliyolipwa kwa wakati una kitu ambacho hakuna sheria inayoweza kumgawia mtu kwa siku moja.

Uganda ililijifunza hilo kwa uchungu. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia katika muda wa siku 90. Maduka yakagawiwa. Wengi wa waliopewa waliuza kilichokuwa rafuni, kisha rafu zikabaki tupu. Ni rahisi kuwacheka, na wengi wamewacheka. Lakini duka si ukuta na rafu. Duka ni mnyororo wa watu wanaoaminiana na wanaoweza kudaiana: mgavi wa Mombasa, benki, mwenye lori, mwenye duka. Amri ile ilikata mnyororo wote siku moja. Aliyekuwa nje ya nchi na anadai bidhaa zake hakujua amshtaki nani. Na asiyejua wa kumshtaki hatumi mzigo mwingine. Magendo yakachukua nafasi ya hesabu, na katika magendo kila kitu ni taslimu.

Miaka ya karibuni mizani imegeukia upande mwingine. Mgavi sasa mara nyingi ndiye mdogo, na mwenye duka ndiye mkubwa, kwa kuwa duka lenyewe ni mlolongo wa maduka makuu. Uchumi ya Kenya ilipofunga matawi yake Uganda na Tanzania mwaka 2015, na Nakumatt ilipoanguka baada yake, walioachwa na ankara mikononi walikuwa wakulima wa mboga, wenye viwanda vidogo vya mkate, wasindikaji wa maziwa. Sheria ya zamani ya mauzo iliwapa haki kamili ya kushtaki ili walipwe. Haki hiyo haikuwa na meno, kwanza kwa sababu mufilisi huwalipa wenye dhamana kabla ya wasio nayo, na pili kwa sababu mgavi mdogo huogopa kumshtaki mnunuzi anayechukua nusu ya bidhaa zake. Akishinda shauri, amempoteza mteja.

Kenya ilijibu kwa kuiongezea sheria yake ya ushindani vifungu kuhusu matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi. Hapo tofauti ni kubwa: mgavi hapeleki tu madai ya mkataba, bali mamlaka ya umma huchunguza mwenendo wenyewe. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamua dhidi ya kampuni ya Majid Al Futtaim, inayoendesha maduka ya Carrefour nchini humo, kufuatia malalamiko ya msambazaji wa mtindi. Miongoni mwa yaliyolalamikiwa ni kumlazimisha mgavi kurudisha sehemu ya bei baada ya mauzo, na kumrudishia bidhaa. Kampuni ilikata rufaa, na mwaka 2021 Baraza la Ushindani likaunga mkono uamuzi huo. Kwa mtu aliyesoma sheria ya 1931, jambo jipya hapa ni hili: masharti yale yalikuwa ndani ya mkataba uliosainiwa. Sheria ya zamani ingeuliza kama mkataba umevunjwa. Hii inauliza kama mkataba wenyewe ni wa haki.

Kwa madai madogo, Uganda ina utaratibu ambao wachuuzi wengi hawaujui. Kanuni za mwaka 2011 zinaruhusu madai yasiyozidi shilingi milioni 10 za Uganda, yakiwamo ya bidhaa zilizouzwa na hazikulipwa, kusikilizwa bila mawakili: mdai na mdaiwa husimama wenyewe mbele ya hakimu. Kabla ya kufungua shauri, mdai humpelekea mdaiwa hati ya madai na kumpa siku 14 za kulipa. Wengi hulipa ndani ya siku hizo. Nayo sheria yetu ya mauzo ya 1932 ilipisha nyingine mwaka 2017, ambayo pamoja na bidhaa inahusu utoaji wa huduma.

Mahakama hiyo ndogo itamuuliza mchuuzi maswali yale yale ambayo mgavi wa Mombasa aliulizwa zamani: mzigo ulitoka lini, ulikuwa na nini, nani aliupokea, na mlipatana kulipana siku gani. Mwenye mali kauli anaweza kuyajibu yote kwa daftari la kurasa 96, akiandika tarehe, idadi na bei, na kumwomba mpokeaji atie sahihi pembeni kabla gunia halijapakiwa kwenye bodaboda.